Kuume, Kuke na Kigari cha Bassam

Ziwa la Ng'ombe, Kisauni

Mamangu mpenzi Bi Mwanamkasi,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki kirefu; kila nikishika kalamu, mjukuu wako Zubeida huamka. Goti lako laendeleaje? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila usingizi tumeusahau. Hata mtoto akilala, mimi hujikuta nimesimama mlangoni, sijui nangoja nini.

Mkweo Bassam amekifufua kile kigari cha ami yake, Starlet, na Jumapili ataingia nacho kwenye rali, kule machimbo ya zamani ya Bamburi. Fondo wa gereji alimcheka, akasema hicho ni kikopo cha maziwa, konani kitamwagika. Nami nilicheka, hadi nilipokwenda kutazama mazoezi. Njia ni nyembamba, kona zafuatana, changarawe yateleza. Gari kubwa la Fondo lilinguruma kwelikweli, lakini kila kona lilijivuta na kugeuka kama mja mzito, na hali hiyo naijua. Kigari chetu ni chepesi: chashika breki upesi, chapinda pale pale, na kikizama mchangani watu wawili hukinyanyua. La Fondo lilisukumwa na umati mzima. Tukamuuliza maziwa yamemwagika wapi.

Shida ilikuwa kwa Elkana, msomaji wa njia, yule akaaye kando ya dereva kumtajia kona ijayo. Ni mtu mwema wa bara, lakini ana mwili, na gari dogo huuhisi kila mzigo. Tena alipopiga kelele "kulia!", Bassam kwa uchovu alikanyaga breki, akauliza mtoto analia wapi. Wakajigonga kwenye mwamba. Taa ilivunjika; wao, Mungu aliwasitiri.

Nikasema aambiwe kuume kwa kulia na kuke kwa kushoto, kama usemavyo wewe, maneno yasiyochanganyika na kilio. Elkana akajaribu, likamtoka "kiume!" Bassam akamjibu kuwa hilo halina shaka, mtoto anaye. Walicheka hadi wakakaa chini. Elkana mwenyewe akavua helmeti akanipa, akasema, mama Zubeida, ingia, lugha ni yako.

Mama, niliingia. Wifi yangu Salha alimshika mtoto. Nilisoma njia yote, kuume, kuke, kuke tena, na Bassam hakukosea hata kona moja. Nilishuka nikamchukua mtoto, na tangu hapo sijasimama tena pale mlangoni.

Jumapili nitakaa kiti kile. Najua tangu baba afe barabarani hutaki kusikia habari za mwendo wa kasi. Hata mimi naogopa. Lakini nimeshasema ndiyo.

Nisalimie majirani wote wa Vanga. Mwidani aliyekuletea barua hii atarudi huku Ijumaa. Mpe haya aniletee: ile leso kongwe iliyolainika, ya kumbebea mtoto, mvuje wa kumfunga asipatwe na kijicho, pilipili manga ya uji wangu, na radhi yako. Ruhusa sikuombi, mama, hiyo nimejipa. Radhi ndiyo siwezi kujipa.

Mwanao akupendaye,
Raihana