Pini Mbili Usoni Pako

Mama Upendo,

Sikuulizi hali. Yako anaijua Mungu, na yangu ndiyo imenikalisha hapa mezani Jumapili hii baada ya ibada, kitenge cha kanisani bado mwilini, chai imeshapoa. Nisikilize. Safari hii huwezi kunikatisha.

Kwanza habari ndogo ndogo. Kwaya imempata mtu wa kushika sauti yako, anaimbia puani, ungemsema hadi arudi kwao. Lifti ya jengo letu hapa Crescent Town, Toronto, bado inakwama. Waliohamia kwako wametundika lile pazia la kijani la plastiki, la aina uliyosema ni ya buchani. Upendo amehamia Scarborough, nikitaka kumwona nabadilisha basi mara mbili. Na mimi, usicheke, nimesoma chuo kikuu.

Nimesema usicheke. Mimi Tabitha wa darasa la saba, mwosha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Ilikuwa kozi ya kila Jumamosi asubuhi, majuma kumi na mawili, ya kusanifu vitabu na majarida ya kuchapwa. Hawaulizi cheti, wanapokea yeyote. Wenzangu wote rika la mwanangu Elia. Niliingia na mfuko wangu wa nailoni nikakaa karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kufagia.

Nilikwenda kwa sababu ya kile kijitabu. Acha nikieleze tangu mwanzo, maana wewe yote huyajui. Ulikuwa ndani ya jeneza.

Miaka yote kanisani kwetu wewe ndiye uliyetengeneza vijitabu vya mazishi. Mtu akifa, jamaa hawajajua hata watamzika wapi, wameshakupigia simu: wasifu, nyimbo, picha ya kipaimara, picha na wajukuu. Mimi nilikaa pembeni yako nikikunja karatasi, na kompyuta ukanifundisha, kwa matusi. "Tabitha, mkono wako ni wa kukatia mchicha." "Tabitha, herufi zote hizo umezitoa mnadani?" Na lile ulilolirudia kila msiba: ukurasa wa katikati ndio karatasi nzima, unapendeza kwa picha kubwa, lakini ndipo pini za kubana karatasi zinapopita. Weka kwaya. Weka maua. Weka watu wamesimama huku na huku. Uso wa marehemu, kamwe.

Kwa hiyo nilijua. Mbele ya Mungu, nilijua.

Unakumbuka ile Jumatano hospitalini? Akina mama wa maombi wamekuzunguka kitanda, mchungaji amesimama miguuni pako. Mimi nilikuwa nakupaka mafuta nyayo. Miezi mitano nilikuwa nakuogesha, nakunywesha uji kwa kijiko, nikitoka kazini kuosha wageni nakuja kukuosha wewe. Ukainua kichwa ukasema, "Kijitabu changu mpeni mtu mwingine yeyote. Tabitha ataniweka kama tangazo la sabuni." Wakacheka wote. Hata mchungaji alijifanya anakohoa. Mimi nikaendelea kupaka mafuta.

Nilidhani nitakujibu kesho yake. Kesho yake ulikuwa husemi tena.

Ulipofariki, huyo mtu mwingine yeyote hakuwapo. Mchungaji akanipa kazi mimi, siku mbili tu. Nikakaa mbele ya kompyuta yako, kwenye kiti chako chenye ule mto uliobonyea, nikaichukua ile picha yako ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa, unacheka meno yote nje, nikaivuta ikajaza ukurasa wa katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee wa duka la chapa akakunja nakala moja, akaniangalia. "Mama, pini zitapita usoni kwake. Isogeze kidogo, nakusubiri." Muda ulikuwapo, Mama Upendo. Dakika kumi tu za kazi. Nikamwambia, "Piga hivyo hivyo."

Zikapita. Moja kwenye paji la uso, ya pili mdomoni.

Ile ya mdomoni ndiyo niliyoitaka. Ndiyo hiyo, nimeiandika.

Nakala mia mbili. Wakati wa wimbo wa pili watu wakafika katikati ya kijitabu, nikasikia karatasi zinanyamaza benchi kwa benchi. Upendo akageuka akanitafuta kwa macho. Baadaye kwenye ngazi za kanisa akanililia kwa Kiingereza chake, "Anti, umempigilia mama yangu misumari usoni." Na mimi nikajibu haraka, kama mtu aliyejiandaa, "Ni yule mzee wa chapa, mwanangu. Nilimwonya, hakunisikia." Yule mzee aliyesema atanisubiri! Kanisa zima likaacha kupeleka kazi kwake. Upendo hakunipigia simu tena.

Ndipo nikaenda chuo. Nilijiambia nikijifunza vizuri, nitatengeneza kijitabu kingine cha kumbukumbu ya mwaka wako, kizuri mpaka cha kwanza kisahaulike.

Juma la pili mwalimu, kijana mwembamba mwenye hereni moja, akatuambia tuje na kitu chochote kilichochapwa, tukiweke mezani bila kusema ni cha nani, kisha darasa likiseme. Nikaweka chako. Nilidhani atasema habari za karatasi. Akakifungua katikati, akakiinua juu wote wakione. "Lugha siijui," akasema, "lakini aliyefanya hivi alikuwa na hasira na huyu mama." Darasa likaangua kicheko. Binti wa pembeni yangu akauliza, jamani cha nani hiki? Nami nikacheka pamoja nao. Nikasema labda kimeokotwa kwenye basi.

Toronto hakuna jogoo wa kuwika kama wa Petro. Lakini nilijua nimefanya nini. Nilikuacha pale mezani umefunguliwa, na vijana wanakupitisha mkono kwa mkono, mmoja ameweka kikombe chake cha kahawa juu yako. Kipindi kilipoisha nikasubiri waondoke wote ndipo nikakuchukua, nikakufuta kwa leso.

Nikaendelea kwenda. Nimejifunza kwamba kurasa lazima zigawanyike kwa nne, ndiyo maana kila msiba ulitafuta wimbo mmoja wa kujazia. Nimejifunza kuacha nafasi ya ndani karibu na mkunjo, maneno yasimezwe. Nimejifunza kwamba weupe wa karatasi si uvivu. Haya yote ulikuwa unayafanya bila kuyajua majina, na kila Jumamosi mwalimu akifundisha nilisikia sauti yako: si nilikwambia, kichwa maji wewe?

Kijitabu kipya nilikifanya kwa majuma sita. Picha ile ile, sasa iko ukurasa wa kulia, uso mzima, una hewa pande zote. Katikati nikaweka kwaya, wamegawanyika huku na huku, pini zimepita kwenye zulia. Siku ya mwisho kilibandikwa ukutani. Mwalimu akasimama mbele yako muda mrefu akasema, "Ningependa kumjua huyu mama." Nikasema moyoni, usingependa, angekuuliza hereni ya pili umemwachia nani.

Jumamosi iliyopita nikampelekea Upendo nakala ya kwanza, pamoja na faili la kuchapia. Akafungua mlango. Ana mikono yako kabisa, hata kukunja vidole. Akakipekua ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye uso wako akakishika hivi kifuani, akalia, akanikumbatia. Mwaka mzima, Mama Upendo! Akasema kwa Kiswahili, chake kile cha kuokoteza, "Anti, mimi samahani. Mimi kelele kwako. Kosa ya yule mzee."

Ningenyamaza ingekwisha hapo. Ningepata mtoto, ningekunywa chai kwake kila Jumamosi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme amina.

Nikamwambia. Hospitali, mafuta, tangazo la sabuni, dakika kumi. Nikamwambia na ile ya mdomoni. Sijui kama nilifanya hivyo kwa ajili ya Mungu au nilichoka tu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaingia chumbani, akarudi na kile cha zamani, kumbe amekitunza, akaketi sakafuni, akakifungua katikati. Akaanza kuzinyanyua zile pini kwa kucha, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ya paji la uso, kisha ya mdomoni. Kucha ikakatika, akaendelea. Akaziweka kiganjani kwangu akakifunga kiganja kwa mkono wake. "Hizi zako," akasema. Kisha akanifungulia mlango.

Leo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yako. Watu walijaa. Upendo alisimama mlangoni akigawa kijitabu kipya yeye mwenyewe, kwa kila mtu, hata watoto wasiojua kusoma. Nilipofika mimi akampa aliye nyuma yangu. Kwa hiyo nimeimba bila karatasi, nyimbo zako zote nazijua. Walioketi mbele yangu walikuwa wanasema kimependeza, nani amekitengeneza? Nyuma hakuna jina. Nilikuwa nimeliweka, dogo kabisa, pembeni. Amelifuta kabla ya kupeleka kuchapa. Amepeleka kwa yule mzee wa chapa, jina la duka lake lipo.

Mungu nimemwomba, na naamini amenisamehe, maana ndiyo kazi aliyoahidi. Wewe hukuahidi chochote. Nakujua, ulikuwa huachii kirahisi, na mimi sitakubembeleza.

Pini nimezifunga kwenye karatasi, nimeziweka ndani ya Biblia yangu. Kesho naenda dukani kwa yule mzee kumwambia mbele ya wateja wake kwamba alinionya. Na leo nimemwambia Elia, siku yangu ikifika, kijitabu changu akifanye yeyote, hata asiyejua kitu, lakini uso wangu ukae katikati, na azitumie pini hizi hizi, hata zikiwa na kutu. Elia akasema kwa Kiingereza kwamba nimechanganyikiwa. Nimemwapisha.

Lala, Mama Upendo. Mdomo wako sasa uko wazi. Siku nitakapofika huko, anza kunisema, nami nitakaa nikupake mafuta nyayo hadi umalize.

Tabitha wako, wa kukata mchicha