Msomaji Asiyetaka Kuhesabiwa

Kwako Guka wa Kiriaini, popote ulipo na miwani yako iliyofungwa kwa uzi,

Nimeanza barua hii asubuhi, nikaiacha, nikatoka kuanua nguo ambazo hata hazijakauka, nikarudi. Maziwa yamefurika jikoni nikiwa nimesimama karibu nayo. Mume wangu ameniuliza nina nini, nikamwambia ni baridi. Si baridi, Guka. Ni wewe. Tangu mvua ziishe hujaandika neno kwenye blogu yangu, na mimi sijui kama umeninunia, kama unaumwa, au kama namsubiri mtu ambaye hayupo tena. Simu ikilia naikimbilia. Naangalia, nakuta ni ujumbe wa kuniuzia bando.

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina kwingine pa kukupata. Namba yako sina. Jina lako pia sina. Wasomaji wengine watanivumilia leo.

Unakumbuka ulivyoingia? Nilikuwa nimeandika kuhusu githeri ninayopika hapa Ruring'u, mahindi na maharagwe yenye tui la nazi, jinsi marehemu mama alivyotupikia tulipokuwa wadogo. Watu waliweka mioyo na vidole gumba kama kawaida yao. Wewe, mgeni kabisa, ukaandika: "Mimi ni mzee, niko na meno kidogo, lakini sijawahi ona mtu anaweka nazi kwa githeri. Hiyo ni kuharibu mahindi ya watu." Nilikasirika. Nilizunguka jikoni nikikujibu kwa sauti, mwiko mkononi, kana kwamba umeketi pale kwenye kigoda. Baada ya muda ukarudi: "Niliambia cucu wako apike hiyo maneno. Nimeonja. Sitasema kitu." Cucu wangu, yaani mkeo. Hivyo tu, bila kuulizwa, ukanipa babu na bibi, guka na cucu, Kiriaini, mimi mtoto wa Waislamu wa mjini ambaye hata Kikuyu changu watu hukicheka.

Ukaizoea blogu kuliko nilivyoizoea mimi. Uliiita "hiyo gazeti yako". Ulilalamika ikiwa ndefu: "Leo nimesoma nusu kabla ya kukama ng'ombe na nusu baada. Punguza." Ulinisahihisha habari za majani chai, za mvua, za njia ya kupita kwenda Othaya. Mara nyingine ulinisahihisha mahali ambapo sikuwa nimekosea, na nikikujibu unanyamaza siku mbili halafu unakuja na swali kuhusu kitu kingine kabisa, kama mtu anayepita mlango wa nyuma. Nilikuwa nakugombeza mbele ya watu wote na watu walipenda. Wengine walikuwa wanashuka moja kwa moja kusoma maoni yako kabla hawajasoma nilichoandika mimi. Hilo liliniuma kidogo, nakwambia ukweli.

Kisha baba yangu akafariki. Sikutangaza. Niliacha tu kuandika. Wale wote wenye mioyo na vidole gumba, hakuna aliyeona. Wewe uliandika chini ya makala ya zamani, ya mapishi ya ndizi: "Gazeti haikuja. Uko mgonjwa ama ni nini? Cucu pia anauliza." Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa baba kule Nanyuki, wageni wamejaa, sahani za pilau zinapita, na nikatoka nje kulia mahali ambapo hakuna mtu. Sikuwahi kukwambia kwamba ni wewe uliyenitoa machozi siku ile. Nilikujibu tu kwamba tumefiwa.

Ndiyo maana nilipoandika kwamba nitapitia Sagana kumwona dada yangu, ukasema na wewe una safari ya huko na utakuja na koti la kijani, nilikubali bila kufikiri. Mume wangu alisema nimepagawa, naenda kukutana na mtu wa mtandaoni. Nikamwambia mtu wa mtandaoni gani anayelalamikia meno.

Ulikuja na koti la kijani kweli, na kikapu cha maparachichi. Miwani yako ilikuwa imevunjika mkono mmoja ukaufunga kwa uzi mweusi. Tulikaa kwenye hoteli ya kando ya mto. Mimi niliagiza samaki, maana mtu ukifika Sagana ukaacha samaki umekwenda kufanya nini. Wewe uliagiza chai na mandazi, ukasogeza kiti chako nyuma kidogo.

"Wewe unakula hiyo nyoka ya maji?"

"Ni samaki, Guka. Onja."

"Kula tu. Mimi nitaangalia mto."

Ukaangalia mto kweli mpaka nikamaliza. Nilitaka kukupiga picha ukakataa, ukasema picha ya nini na umeshaniona. Nilikuuliza jina ukasema Guka inatosha. Nikaona ni utani wako, nikaacha. Leo ninajiuliza niliachaje.

Tuliongea habari za baba. Nilikwambia alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na kwamba kitu ninachokikumbuka zaidi ni sauti yake akihesabu. Alikuwa anawapitisha mbuzi kwenye mlango mwembamba, anawagusa mgongoni kwa fimbo wawiliwawili, anahesabu kwa sauti ya juu hadi mnunuzi na muuzaji wakubaliane. Nilikuwa nikiisikia sauti hiyo najua siku imekwenda sawa. Uliweka kikombe chini.

"Baba yako alikuwa anauza, ndio maana. Mtu wa kuuza lazima ahesabu. Baba yangu alikuwa na mbuzi na hakuna siku hata moja aliwahesabu. Kuhesabu ni kuita mambo mabaya."

"Sasa alijuaje mmoja akipotea?"

"Jioni alikuwa anasimama kwa mlango ya boma. Wanaingia. Yeye anawaangalia tu uso. Halafu anasema, yule wa sikio moja bado. Anachukua fimbo, anaenda."

"Na asipompata?"

"Boma haifungwi."

Uliyasema hayo ukipangusa makombo ya mandazi kwenye koti. Mimi nilicheka, nikasema mbona fisi walikuwa na bahati siku hizo. Ukauliza kama dada yangu atapenda maparachichi.

Sasa lile jambo. Wasomaji walifika idadi niliyokuwa nikiiota tangu nilipoanza kuandika. Nilifurahi mno, Guka, siwezi kujifanya sikufurahi. Nilioka keki, nikaandika idadi hiyo juu yake kwa krimu, nikaipiga picha. Nikaweka na kaunta kubwa ya kuhesabu wasomaji juu ya blogu ili kila mgeni aione inavyopanda. Halafu nikawapanga wasomaji kwa namba, na wewe nikakuweka wa kwanza: msomaji namba moja. Nilidhani utaringa.

Ukaandika: "Mjukuu, watu hawahesabiwi. Toa hiyo namba. Na mimi unitoe hapo juu."

Nikakujibu kwa mzaha, na watu walikuwa wengi siku hiyo, wakacheka nami: "Guka, hesabu haijawahi kuua mtu."

Ukaandika: "Sawa."

Neno moja. Wewe ambaye hukuwahi kuishia neno moja katika maisha yako. Na baada ya hapo, kimya.

Barua hii si ya kukuomba radhi, kwa sababu bado sioni kwamba nilikosa. Mimi ni mtoto wa mtu aliyehesabu. Kwangu namba ile ilikuwa sauti ya baba, na nilitaka kuisikia. Nikifika hapo kwenye mawazo ninakuwa na nguvu, ninasema basi, mzee amekasirikia keki, atapoa. Halafu nikigeuka ninafikiria labda hukukasirika hata kidogo. Labda ulianguka kwenye majani chai wiki hiyo hiyo, na lile "Sawa" uliandika ukiwa umeshika kifua. Nikiwaza hivyo siwezi kukaa. Nimepiga deki nyumba hii hadi watoto wanaogopa kuingia.

Nilikuja Kiriaini, Guka. Siku ya soko. Sikuandika popote kwamba nakuja. Nilisimama mbele ya mama mmoja anayeuza nduma, yale magimbi ya huku, nikamuuliza kama anamjua Guka.

"Guka gani? Hapa guka ni wengi kuliko nduma."

"Ana koti la kijani. Anapenda kusoma kwa simu."

"Ako na jina?"

Alinitazama kutoka kichwani, kwenye ushungi wangu, hadi viatu.

"Wewe ni msichana wake ama ni nini?"

"Ni mjukuu wake."

"Mjukuu na hujui jina ya guka yako?" Akawaambia wenzake kwa Kikuyu, wakacheka, lakini si kwa ubaya. Kisha akafikiri. "Kuna mzee alikuwa anakaa pale kwa duka ya mbolea, na miwani ya uzi. Alikuwa anasomea watu mambo kwa simu. Ati githeri na nazi. Tulikuwa tunamcheka sana."

Nilimuuliza yuko wapi.

"Siku hizi hatumwoni. Wengine wanasema mtoto wake alikuja akawabeba, yeye na cucu, wakaenda. Wengine wanasema alilazwa. Mimi sijui, mama. Nunua nduma."

Nilinunua nduma. Nilikwenda hadi kwenye duka la mbolea, nikalikuta limefungwa, benchi liko nje tupu. Nililitazama benchi lile muda mrefu. Nilikuwa nimedhani unasoma peke yako, Guka. Kumbe ulikuwa unanisoma kwa sauti, watu wamekuzunguka, na hao wote hawakuwahi kuingia kwenye kaunta yangu, kwa sababu simu ilikuwa moja tu, yako.

Nilipofika nyumbani niliitoa ile namba. Sikuitoa kwa kukubali kushindwa, usije ukaringa. Niliitoa kwa sababu ilikuwa haisemi kweli. Siku uliyonyamaza, kaunta ilipanda. Iliingiza watu wapya, ikazidi, ikanipongeza, na hakuna mahali popote iliposema kwamba wewe hujaja.

Tangu hapo ninafanya ulivyosema alikuwa akifanya baba yako. Nikichapisha makala, ninakaa na kuangalia majina yanavyoingia. Yule mwalimu wa Karatina ambaye hukubaliana na kila kitu, ameingia. Mama wa Nanyuki anayeuliza bei ya kila kiungo, ameingia. Yule kijana asiye na adabu ameingia, kanitukana, akatoka, na nikashangaa kwamba nimefurahi kumwona. Dada yangu wa Sagana huingia mwisho, akishalaza watoto. Siwahesabu. Nawajua.

Na kila jioni naona yule wa koti la kijani bado.

Kama umeninunia, njoo unigombeze. Andika kwamba barua hii ni ndefu. Kama uko kwa mtoto wako na simu imeharibika, mtu akusomee hapo ulipo. Kama ni kitanda cha hospitali, mwambie cucu aniandikie neno lolote, hata "Sawa", nitalipokea. Na kama ni lile jingine, lile ambalo nimepiga deki nyumba nzima ili nisilitaje, basi mwenye kujua aniambie jina lako, nikuombee dua kwa jina.

Wengine wote wameingia, Guka. Nimesimama mlangoni. Sifungi.

Mjukuu wako wa Ruring'u,
yule wa nazi