Nililitupa Tufe la Tela Mtoni

Mpendwa Bi Herminda,

Naomba msaada wako, na nakusihi usiisome barua hii redioni kabla ya Jumamosi, kwa sababu huku bondeni kwetu kila jiko lina redio na mume wangu hakosi kipindi chako. Naitwa Ercira. Mume wangu ni Onofre, alikuwa mpasua mbao mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo kinachomwinua kitandani asubuhi ni lile gari la jeep aliloniachia marehemu baba, gari lililonizidi umri mimi, nalo ndilo pekee linalovuta tela upande huu wa mto, kwa hiyo kuni za wajane analeta yeye, ng'ombe wa mnada anapeleka yeye, na watu wakimwita barabarani, "Bwana Onofre, tusaidie," namwona mabega yanavyomnyooka, na hapo ndipo mimi hushindwa kusema.

Majuma kadhaa yaliyopita tulikuwa tunashuka kutoka msituni na binti yetu Yasna amekaa katikati yetu, tela limejaa magogo mabichi, na magogo mabichi unayajua yalivyo mazito. Nikamwambia, "Onofre, umejaza mno." Akanijibu, "Gari hili lilivuta trekta la baba yako, leo lishindwe na kuni?" Tulipofika katikati ya mteremko alikanyaga breki, kanyagio likazama hadi chini, tela likaanza kuyumba huku na huku na kutusukuma kwa nyuma, nikamkumbatia mtoto nikafumba macho. Tulisimama kwa kuparamia lundo la kokoto kando ya barabara, na ng'ambo ya lundo hilo ni mto. Yasna alikuwa amejiuma ulimi, damu imemjaa kidevuni. Onofre akamfuta kwa kofia yake, akasema, "Watu wasijue." Breki akazitengeneza mwenyewe uani, na juma lililofuata akajaza tela vilevile.

Basi nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Onofre alikwenda kusaidia kuezeka paa la kanisa, nami nikachukua spana, nikafungua lile tufe la chuma nyuma ya gari, lile ambalo mdomo wa tela hulikalia, nikalibeba ndani ya aproni hadi darajani nikalitupa mtoni, nikarudi nyumbani kukanda mkate nikidhani nimemaliza.

Kumbe nimeanza. Onofre alipoona limetoweka, mawazo yake yalimwendea jirani yetu Custodio, baba wa ubatizo wa Yasna, ambaye kwa ajili hiyo humwita yeye compadre na mimi comadre, kwa kuwa siku moja dukani alimwambia mbele ya wanaume, "Compadre, gari lako sasa livute toroli." Akamfuata mpaka langoni kwake. "Nirudishie kitu changu." Custodio akamjibu, "Nikifanyie nini, nikivae shingoni?" Tangu siku hiyo hawasalimiani, na Yasna ananiuliza kwa nini haendi tena kwa baba yake wa ubatizo kuona wana-kondoo.

La kuniua zaidi ni kwamba Onofre ameazima tufe jingine kwa binamu yake, nalo ni dogo, mdomo wa tela unacheza juu yake, amekaza kwa waya anasema linatosha. Jumamosi anapeleka mnadani fahali wawili wa Bi Zunilda, kwa mteremko uleule. Nikisema ukweli nitamvunja mume wangu mbele ya bonde zima, nikinyamaza huenda nikamzika. Nifanye nini, Bi Herminda?

Ercira

*

Ercira mwanangu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi, na sikuiacha ingoje kipindi. Nilitafuta namba ya duka la kwenu nikaomba uitwe. Haya ninayoyasoma leo ndiyo niliyokuambia siku ile, na nayasoma kwa ruhusa yako na ya Onofre, maana najua mabonde mengine yana kina Ercira wengi.

Kwanza, pole. Mama aliyeona damu kwenye kidevu cha mwanawe akiwa ndani ya gari lisilosimama hana haja ya kujieleza kwa nini alishika spana. Nakuelewa kabisa. Lakini ulikosea, na nilikuambia bila kuzunguka. Ulitaka kuzuia hatari ukaiongeza. Nilimuuliza fundi ninayemwamini, naye aliposikia habari ya tufe dogo na waya, akasema, "Mama, kwenye shimo la kwanza tela linachomoka." Isitoshe, umemwacha mtu asiye na kosa aitwe mwizi langoni kwake.

Kwa hiyo nilikuagiza umwambie Onofre kabla hajafunga tela, mkiwa wawili, na usianze na gari. Anza na Yasna.

Ulifanya hivyo Ijumaa. Uliniambia kwamba aliondoka mezani, akaenda kukaa ndani ya gari, mkate ukapoa. Aliporudi akakuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Ukamjibu, "Nilikuambia mteremkoni."

Akakaa. Halafu akauliza, "Mtoto bado anashtuka usingizini?"

"Bado."

Mwanamume anayeuliza swali hilo, Ercira, hajavunjika. Jumamosi alikwenda kwa Bi Zunilda akamwambia hawezi, breki hazifai. Alikuwa ameiogopa siku hiyo kuliko mteremko wenyewe. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, fahali wangu hawana haraka ya kuuzwa," akamkaribisha supu.

Sasa tuje kwenye gari, na Onofre, najua unasikiliza. Kwamba gari lilivuta trekta enzi za baba mkwe si hoja. Uzito ulioandikwa na waliolitengeneza ni wa gari jipya, lenye breki mpya na fremu isiyo na kutu. Likishazeeka, beba pungufu ya hapo. Usikisie kwa macho, lipitishe tela kwenye mizani ya mnadani likiwa na mzigo. Tela zito liwe na breki zake lenyewe, pamoja na taa, namba na minyororo miwili iliyopishana chini ya mdomo wake. Polisi wakikusimamisha kwa hayo hawakuonei, na leseni yako nayo iruhusu uzito huo. Mzigo uelemee mbele kidogo, ukielemea nyuma ndipo tela huyumba. Tufe liwe la kipimo kilichoandikwa kwenye mdomo wa tela, na waya ubaki kwenye uzio. Kabla ya mteremko, si katikati yake, ingiza gia ndogo uiachie injini ikuzuie. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuukata, na usikanyage breki kwa hofu. Na breki za gari akazitazame fundi, si wewe uani. Fahali wawili ni safari mbili. Mtoto hapandi gari linalovuta mzigo.

Kwa Custodio mlikwenda wote wawili pamoja na Yasna, kama nilivyotaka. Onofre alisema yake, nawe ukasema yako. Custodio aliwasikiliza huku akijaza majani ya chai ya yerba kwenye kibuyu chake cha kunywea, akakuuliza, "Comadre, ulilirusha mpaka wapi?" Ukamwambia katikati ya mto. Akamgeukia mumeo, "Compadre, huyu usigombane naye." Ndipo akamtuma Yasna akaone wana-kondoo.

Limebaki jambo moja, Ercira, na ni lako peke yako. Onofre anadhani watu wanampenda kwa sababu ya tela. Akikataa mzigo kesho atarudi nyumbani akijiona mdogo. Usimsubiri agundue mwenyewe kwamba sivyo. Mwambie leo, kwa mdomo wako, kabla hajavua viatu, kwamba unamtaka yeye mwenyewe, si kuni anazoleta.