Karatasi ya Upepo ya Jumanne

Nyakato, Mwanza
18 Machi 1999

Kaka Nestory,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Dorotea na watoto, na kwamba mama ameanza kula. Mimi homa imeniachia. Nasikia mvua imelaza mihogo yote ya upande wa chini. Poleni sana.

Nisikuzungushe, maana barua ndefu huzipendi nami subira sina. Rose wa baba mdogo ameniambia Jumamosi mnakuja, wewe na vijana watatu, kummalizia Mbaruku hospitalini. Ndiyo maana nimempa barua hii apande nayo meli ya leo, akukabidhi mkononi.

Kwanza ujue hali yake, kwa kuwa ulimwacha chini ukaondoka. Taya limevunjika mara mbili. Jicho la kushoto limetolewa. Vidole ulivyovikanyaga, vitatu vimekatwa. Mkewe Maulida anamnywesha uji kwa mrija, na kila nikipeleka maziwa ananishukuru. Ananishukuru mimi, kaka!

Kilichokutuma nakijua. Paulo wetu alitolewa majini Jumatano ya wiki iliyopita, uso umepondwa na mawe hadi mama akamtambua kwa kovu la goti. Dhoruba iliupasua mtumbwi vipande vipande, na wenzake wawili hawajaonekana mpaka leo. Hata mimi siku ile nilitaka mtu afe.

Karatasi ya utabiri wa hewa ya Jumanne ilisema upepo mdogo, ziwa tulivu. Mkasema Mbaruku, anayeibandika kwenye ubao wa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kila asubuhi, kaibadili ili mitumbwi itoke na kiwanda kipate sangara. Ukamshukia na kasia la Paulo lililookotwa ufukweni. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mizani ya samaki. Kila ulipompiga alisema neno lilelile: "Nimebandika nilichopewa." Alilisema mpaka taya likakataa.

Kaka, mimi ndiye niliyempa.

Unajua hapa kiwandani nakaa kwenye kompyuta, ila sijawahi kukueleza utabiri unatoka wapi. Niliandika programu fupi. Kila alfajiri yenyewe inapiga simu Dar, inapitia huko hadi kwenye kompyuta moja ya Ulaya inayotunza takwimu za hali ya hewa, inaomba za ziwa letu, inazileta na kuzichapa. Simu zetu unazijua. Laini ikikatika karatasi ilikuwa inatoka tupu, na meneja akanitukana mbele ya watu, akasema akiona tupu tena nirudi Nansio nikapalilie mihogo. Kwa hasira nikaongeza mistari miwili: laini ikikatika, chukua takwimu za jana, weka tarehe ya leo. Nikajiambia ziwa haliwezi kubadilika sana kwa siku moja. Mbaruku hakuambiwa, wala mtu mwingine yeyote.

Jumanne ile laini ilikuwa imekufa. Jioni iliporudi nikauvuta utabiri wenyewe wa siku ile. Dhoruba kali kuanzia saa nne asubuhi, ndivyo ulivyosema. Nimekuwekea karatasi zote mbili humu ndani uzilinganishe. Kwa hiyo Jumatano, pale kwenye mizani, nilikuwa najua kila kitu. Nilinyamaza kwa kuogopa hilo kasia.

Nimemuua Paulo, kaka, na Mbaruku nimekuacha umvunje kwa ajili yangu.

Polisi nitakwenda Jumatatu. Nitasema yangu, yako utayasema mwenyewe. Ningeweza kwenda hata leo, lakini nimengoja ili unikute. Jumamosi ukishuka kwenye meli, usipite hospitali. Njoo moja kwa moja huku Nyakato, chumba changu unakijua. Kasia nililiokota mlipoondoka, limeegemea ukutani, na damu ya mtu wa watu bado imegandia. Mlango sitaufunga.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu. Mama usimsomee barua hii. Nikibaki na mdomo wa kusemea, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Teodora