Taa Kumi na Tisa za Ipagala

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Siku ya tisini tangu niondoke kijijini kwetu Pahi. Mke wangu Mwantum kapiga simu asubuhi. Miguu imevimba, nesi anasema atajifungua wiki hii au ijayo. Kauliza narudi lini. Nikamwambia taa zikikamilika. Akacheka, akasema mtoto hajui habari za taa. Nimemkumbuka mpaka mgongo unauma. Au ni nguzo tulizobeba.

Elisante, msimamizi wetu, hatoi ruhusa mpaka taa zote arobaini za sola za barabara hii ya Ipagala, huku mjini, ziwake.

Jumatano, 4 Septemba
Zote zimesimama. Lakini kumi na tisa zinakonyeza! Zinawaka dakika kumi, zinazima, zinapoa, zinawaka tena. Tunapima mchana – mwenzangu Matonya anapanda na koti, anafunika sola, taa inadhani jua limezama. Akiwa huko juu akanitania: Mrangi, taa zako zinakonyeza wake za watu. Nampenda Mgogo huyu, basi tu.

Elisante anasema chipu ni feki. Hizi chipu ni ndogo kuliko ukucha wangu. Batri ina umeme mwingi, taa inataka kidogo. Chipu inaushusha, halafu inashikilia kiasi kilekile, batri ijae au ipungue. Niliishia darasa la tano, lakini hilo nimelielewa. Nazionea huruma kusingiziwa.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimepeleka chipu moja mtaa wa Majengo kwa Abdulwahab, fundi redio. Kaipima – nzima. Kauliza ule uji wa kijivu chini ya chipu uko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba nilifuta. Kila taa niliyofunga nilisugua kwa kitambaa na petroli. Kitu kipya hakikabidhiwi kikiwa kichafu!

Kaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, ule uji ndio unaopitisha joto la chipu kwenda kwenye bati. Ikizidi moto inajizima yenyewe isife. Chipu ina akili." Hakuongeza "kuliko wewe". Muungwana.

Kumi na tisa. Ndizo nilizofunga mimi.

Elisante anataka kurudisha chipu zote kwa muuzaji. Mzigo mpya ni wiki tatu. Mtoto atazaliwa, atapewa jina, mimi niko juu ya nguzo. Na nikisema, nafukuzwa. Nitaingia kwangu na mtoto mchanga ndani, kazi sina.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimesema. Mbele ya wote.

Elisante kavua kofia. "Umefuta zote?"
Zote, bosi.

Nikaanza kuwaza begi langu. Kisha akasema sifukuzwi, ila nitapaka uji kwa mkono wangu taa zote kumi na tisa, ndipo niende. Matonya kabeba ngazi bila kuambiwa.

Jumamosi, 7 Septemba
Sita tayari. Kila moja imewaka saa nzima bila kuzima. Nilitaka kuzibusu.

Saa tisa mchana, niko kwenye ya saba, simu. Amina, mdogo wake Mwantum: uchungu umeanza, wako njiani kwenda zahanati. Nikasikia Mwantum nyuma akiuliza nimesema nini.

Matonya anasema niende sasa hivi, yeye atamalizia. Lakini aliyefuta ni mimi.

Naandika chini ya nguzo, vidole vya kijivu vinachafua karatasi. Nimemwambia Amina amwambie dada yake zimebaki taa kumi na tatu. Jumatatu jioni niko Pahi.