Miguno ya Banda la Tumbaku

Kasungu, 9 Februari

Mpwa wangu Tiyamike,

Kosa la watu wengi wakiona zahanati tupu ni kudhani kwamba watu wamepona. Nitalieleza, lakini kwanza: hujambo huko Lilongwe? Mafua yamekuacha? Sisi wazima, ila goti langu huijua mvua kabla haijanyesha.

Tangu agizo la wizara yenu lifike, benchi la zahanati ya shamba halina mtu. Na kutoka banda la kukaushia tumbaku husikika miguno. Watoto wanasema ni wafu. Majirani wanapita mbali, na mimi niliyewafundisha sayansi nimeanza kupita mbali pia.

Mjomba wako,
Bauleni

Lilongwe, 16 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameisha. Mwalimu mzima unaogopa wafu? Nimecheka hadi wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Agizo hilo niliandika mimi. Tabibu anampa nyapara majina ya wote wanaougua kwa sababu ya majani mabichi ya tumbaku, ili wapumzishwe. Nyapara asipojua, atampumzishaje mtu? Na katika mashamba yote wagonjwa wamepungua kwa nusu. Wakubwa wamefurahi.

Msalimie Ezelina. Mwambie sijasahau alivyonisukuma mtoni tulipokuwa watoto.

Mpwa wako,
Tiyamike

Kasungu, 20 Februari

Mpwa wangu,

Goti limetulia, asante, ingawa hukuuliza.

Niliingia bandani. Majani yalining'inia hadi usoni, na chini yake watu walilala wamejifunika magunia. Ezelina alikuwa kati yao, akitapika.

"Mwalimu, funga mlango, unatuanika."

"Mbona hamwendi zahanati?"

"Nikapumzishwe? Dorika alipumzishwa. Kurudi, akakuta mwenzie analima kipande chake na kulala nyumbani kwake."

"Lakini unaumwa, binti."

"Ulevi wa majani tu. Nikilala, kesho nachuma. Au unataka nife upate pa kutolea hotuba?"

Wakacheka wote chini ya magunia. Kicheko kile sikukipenda.

Nikueleze. Anayechuma majani yenye umande huingiwa na sumu yake kupitia ngozi. Hutapika, kichwa humzunguka, kisha hali hiyo hupita. Kwa hiyo hapa kila ugonjwa sasa huitwa ulevi wa majani, na dawa yake ni kujificha na kulala. Nia yako ni njema. Lakini ugonjwa wa mtu ni siri yake. Ukiupeleka kwa nyapara, anayeshika kazi yake na nyumba yake, bila ruhusa ya mgonjwa, umemfungia mlango wa zahanati.

Mjomba wako

Lilongwe, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Nimesoma barua yako mara nyingi. Naweza kulisimamisha agizo kwa muda bila kumsubiri mtu, lakini wataniuliza kwa nini naharibu kitu kinachofanya kazi. Kamati inakaa mwisho wa mwezi, nitalisema huko. Mwambie Ezelina avumilie kidogo.

Mpwa wako

Kasungu, 11 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Barua yako ilifika jana. Ezelina tulimzika Jumamosi.

Ule ugonjwa wa Februari ulipita, akarudi kuchuma. Mwezi huu alishikwa na homa, akasema ni majani tena, akaingia bandani kulala. Walipombeba hadi zahanati alikuwa hajitambui. Tabibu alimpima: malaria. Vidonge vilikuwa kabatini siku zote.

Leo asubuhi nilipita karibu na banda. Nilisikia miguno, na mmoja ulikuwa wake. Najua aliyezikwa hatoi sauti, nimelifundisha hilo maisha yangu yote. Hata hivyo nilisimama nikasikiliza mpaka nyapara akaniuliza kama nimepotea.

Mle ndani wamelala wengine. Nani ana majani, nani ana malaria, mimi sijui, na wao hawajui.

Usije kwenye matanga. Leo hii, kabla hujatoka ofisini, andika kulisimamisha agizo.

Mjomba wako