Nyumba Hii Haiuzwi

Jumapili, 4 Mei

Wamekuja tena baada ya chakula cha mchana, mwanangu na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Kila mmoja ana nyumba mbili tatu za kupangisha. Basi kila mmoja ni profesa. Mwanangu anataka nyumba hii ibomolewe, lisimame ghorofa, tule kodi mpaka kufa. Mkwe anasema kodi ni maradhi: mpangaji mmoja mkorofi anakutoa roho. Yeye hununua gofu la nyumba, hulipaka rangi, huliuza kabla rangi haijakauka. Mwanangu akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Mkwe akajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakarushiana methali kama watoto wanaorushiana mawe — juu ya kichwa changu, huku wakinywa chai yangu.

Nikauliza: na mimi nitakaa wapi? Hapo wakaafikiana mara moja. Kwa binti yangu, chumba cha uani.

Jumanne, 6 Mei

Mwanangu kaleta dalali. Mtu mzima, kiatu kimechongoka. Huyu ana dini ya tatu: tusijenge, wala tusimuuzie wa kwanza. Mali iringe, wanunuzi wagombane. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akagonga ukuta kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Nimefundisha miaka mingi. Sijapata kuona utovu wa adabu kama huo ukiitwa utaalamu.

Marehemu mume wangu alituachia nyumba sisi watatu, mimi na watoto wawili. Bila sahihi yangu hakuna wa kuuza hata tofali. Nimewaambia hapana. Mwanangu akatabasamu, akaniomba nifikirie tu. Nimekwisha kufikiria!

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwita fundi anayeandika mabango ya maduka. Ukuta wa mbele, rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Watu huandika hivyo matapeli wakizidi. Mimi matapeli wangu nimewazaa na kuwaoza mwenyewe.

Fundi aliuliza kama aongeze "Matapeli kaeni mbali". Nikamwambia inatosha, tusifike kwenye matusi ya nguoni.

Usingizi utakuja leo.

Jumamosi, 10 Mei

Madalali wawili getini kabla sijanawa uso. Mwingine saa nne. Kumbe nyumba inayokatazwa ndiyo inayotakwa! Wanaamini ina kitu.

Jioni mwanangu akaja na mkwe na binti yangu, akanikumbatia. "Mama, kumbe wewe ndiye mjanja kuliko sisi wote!"

Bei imepanda. Mkwe, ambaye hakubaliani naye hata juu ya rangi ya mlango, safari hii kakubali: maandishi yabaki. Nikawaeleza kwamba nilimaanisha nilichoandika. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Hivyo hivyo, mama," mkwe akasema. "Usilegeze."

Binti yangu hakucheka. Nikamtazama yeye, nikiamini kwamba mmoja amenisikia. Akasema taratibu kuwa chumba cha uani amekwisha kukipaka rangi, nichague pazia.

Jumapili, 11 Mei

Fundi wa mabango yuko nje. Sikumwita mimi. Mwanangu kamleta azikoleze herufi, zisomeke toka barabara kuu.

Mnunuzi yuko sebuleni, kwenye kiti cha marehemu. Mtu mpole, kavua kofia. Karatasi ziko mezani, kalamu juu yake. Dalali kaegemea mlango. Binti yangu anamimina chai na hanitazami.

Mnunuzi akaniuliza kwa heshima zote: "Mama, neno lako la mwisho ni lipi?"

Nikamwambia hapana.

Akamgeukia mwanangu, akaongeza bei. Mwanangu akanikonyeza.

Nikarudia hapana, polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomea imla darasa la kwanza. Mnunuzi akaongeza tena. Mkwe akauma mdomo asicheke.

Nimeingia chumbani, nimetia komeo, naandika. Huko nje brashi inakwaruza ukuta. Sebuleni wananyamazishana — nasikia "shh", nasikia kikombe kikiwekwa chini kwa uangalifu. Hakuna anayegonga mlango. Wananipa muda.